Ukuta wa chumba cha mama huko Rau unabanduka rangi kila masika yakiisha: nipake nini kabla ya Desemba?

BintiRau, 14 Juni

Habari za leo, wanajamvi. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu wa rangi na ukarabati wa kuta, hasa walioko Moshi na Arusha, kwa sababu naona tatizo langu linafuatana na mvua za huku kwetu.

Nyumba yetu iko Rau. Marehemu baba aliijenga mwaka 1986 kwa matofali ya saruji ya inchi 6, ikapigwa lipu ndani na nje. Kwa sasa anaishi mama, mwenye umri wa miaka 74, pamoja na mimi na mwanangu wa miaka miwili. Kila masika yakiisha, ukuta wa nje wa chumba cha mama hufanya malengelenge kuanzia sakafuni hadi juu kidogo ya goti, kisha rangi hubanduka vipande vipande, na chini yake hutokea unga mweupe unaofanana na chumvi, ambao ukiufuta leo, baada ya wiki umerudi. Nimeupaka ukuta huo mara tatu katika miaka minne. Mwaka jana fundi alinishauri ninunue rangi ya bei kubwa isiyopitisha maji, akanihakikishia kwamba sitahangaika tena. Masika ya mwaka huu yalipokwisha, rangi hiyo ilijitenga na ukuta kwa mapande makubwa kuliko kiganja, ikaondoka hata na ngozi ya juu ya lipu.

Tatizo la pili liko chumba hicho hicho. Mwaka 2017 tuligawa chumba kwa ukuta wa jipsamu bodi ili mama apate bafu la ndani, asiwe anatoka nje usiku. Sasa ukuta huo umevimba kwa chini, ukiubonyeza kwa kidole unazama, karatasi yake imeachia na ina madoa meusi. Karibu na mlango kuna pia tundu la ukubwa wa ngumi, pale kitasa kinapogonga.

Desemba ndugu zangu wote wanarudi nyumbani kama ilivyo desturi yetu Wachagga, na chumba cha mama ndicho kila mtu huingia kwanza kumsalimia. Ningependa kukiona kikiwa safi. Naomba mnieleze ni rangi ipi itashika, na kama inafaa nipige skimu ya jipsamu (tabaka jembamba la unga wa jipsamu uliokorogwa) kwanza ili kuziba sehemu zilizomeguka.

FundiKiboriloni, 14 Juni

Pole sana, dada yangu. Nafanya kazi ya rangi na jipsamu hapa Moshi kwa miaka 19 sasa, na ukuta kama huo nimeitiwa mara nyingi kuliko kazi nyingine yoyote. Naomba unisamehe nikijibu tofauti na ulivyouliza: usinunue rangi yoyote kwa sasa, na skimu ya jipsamu usiipige kabisa kwenye ukuta huo wa nje.

Zingatia jambo ambalo umelieleza vizuri bila kulitilia uzito, kwamba rangi hubanduka masika yakiisha, si wakati mvua inanyesha. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya tofali na lipu, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na yakipanda hubeba chumvi zilizomo kwenye udongo, kwenye mchanga na kwenye saruji yenyewe. Wakati wa mvua ukuta unakunywa na chumvi imeyeyuka ndani ya maji, kwa hiyo huoni kitu. Kiangazi kikianza, maji hutoka kama mvuke kwenye uso wa ukuta, chumvi inabaki nyuma na kugeuka punje ngumu, na punje hizo zikiota nyuma ya rangi huisukuma mpaka iachie. Rangi isiyopitisha maji imeongeza madhara kwa sababu imefunga mlango ambao maji yalikuwa yanatokea, hivyo chumvi imekusanyika ndani zaidi, kwenye lipu, na ndiyo maana lipu imeondoka pamoja na rangi. Skimu ya jipsamu nayo ingelainika baada ya masika moja, kwani jipsamu na unyevu haviishi pamoja.

Kwa hiyo swali la kwanza ni maji yanatoka wapi. Naomba unijibu haya. Nje ya ukuta huo kuna nini: sakafu ya saruji, udongo, au bustani? Udongo wa nje uko juu au chini ya usawa wa sakafu ya ndani? Paa lina gata upande huo, au maji ya bati yanadondoka chini na kurukia ukuta?

Fanya pia jaribio la nailoni, ambalo halina gharama. Kwangua rangi iliyolegea mpaka upate sehemu ngumu ya lipu, ipanguse ikauke, kisha bandika kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, ukifunga kingo zote nne kwa selotepu pasibaki upenyo. Kiache kwa saa 48. Matone yakitokea upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba unaoganda kwenye ukuta wa baridi, na tiba yake ni tofauti kabisa. Bandika kimoja chini na kingine kwenye kimo cha kifua, ili ujue maji yamefika wapi.

Kuhusu ukuta wa jipsamu, usiku mkishalala funga bomba zote na uandike namba za mita ya maji. Asubuhi, kabla mtu hajafungua bomba, zisome tena. Zikiwa zimesogea, bomba linavuja mahali. Zikiwa palepale, basi maji yanayouharibu ukuta ni yale ya kuogea, na tutayatafuta kwenye maungio ya vigae.

MwenyeNyumbaSakina, 15 Juni

Naunga mkono jaribio la nailoni kwa sababu mimi niligharimika kwa kutolifanya. Nina vyumba vya kupangisha Sakina, Arusha, na kimoja kilikuwa na madoa meusi na rangi iliyochubuka kwenye kona za juu na nyuma ya kabati. Nilidhani ni maji ya ardhini, nikaajiri watu wakachimba pembeni mwa msingi wote na kupaka lami. Mwezi wa saba, baridi ya Arusha ilipofika, madoa yalirudi vilevile. Mpangaji alikuwa anapikia ndani na madirisha yamefungwa, mvuke ukawa unagandia ukuta ulio baridi. Tulitoboa matundu mawili ya hewa karibu na dari, tukalisogeza kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, tukasafisha ule ukungu kwa maji yenye klorini ya kufulia nguo nyeupe, tukapaka rangi mara moja tu. Hapo palipona. Dada, kwa maelezo yako ya unga mweupe na malengelenge yanayoanzia chini, sidhani kama tatizo lako ni hili, lakini saa 48 za kusubiri ni nafuu kuliko kibarua cha kuchimba msingi.

Ukitumia klorini, usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, hasa zile za chooni, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Na mama asiwepo chumbani.

MwalimuMstaafuSame, 15 Juni

Binti yangu, nimefundisha kemia kwa miaka mingi na ninaishi Same, si mbali na Makanya, ambako jipsamu huchimbwa. Nina mambo mawili, na la pili ndilo lililonifanya niandike.

La kwanza ni kwa nini bodi yako inazama kwa kidole. Jipsamu ni madini ambayo sehemu yake moja kati ya tano hivi, kwa uzito, ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Kiwandani huchomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi ili sehemu kubwa ya maji hayo itoke, ndipo unapata ule unga mweupe, na ukiukoroga kwa maji unayarudisha maji yale na unakuwa mgumu tena. Ugumu huo unatokana na fuwele zilizosukana kama nyuzi za mkeka. Bodi ikikaa kwenye unyevu kwa muda mrefu, maji hulegeza msuko huo, na kwa kuwa jipsamu huyeyuka kidogo, takriban gramu 2 katika lita moja ya maji, msuko haurudi kama ulivyokuwa hata bodi ikikauka. Karatasi inayoifunika nayo ni chakula cha ukungu. Kwa hiyo usidanganyike kwamba itakauka na kupona. Sehemu iliyolainika hukatwa na kutupwa.

La pili ni kuhusu mtoto wako. Nyumba ni ya mwaka 1986, na umesema tabaka za rangi zinabanduka hadi kwenye lipu. Rangi za zamani, hasa za mafuta, katika nchi nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zing'ae na zikauke haraka. Marekani ilizipiga marufuku kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, lakini sehemu nyingine za dunia ziliendelea kutumika kwa miaka mingi baadaye. Huwezi kujua kwa macho kama tabaka la chini kabisa la ukuta wenu lina risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ambacho kinajulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa sababu hutambaa, hushika vumbi na kutia mikono mdomoni, na risasi huathiri ubongo unaokua.

Kwa hiyo usikubali fundi apige msasa mkavu kwenye ukuta huo wala kuichoma rangi kwa moto. Loweka kwa maji ya kunyunyizia, kwangua ikiwa mbichi, tandika nailoni sakafuni ili magamba yote yaangukie humo, kisha yakunje na kuyafunga kwenye mfuko. Usifagie kwa ufagio mkavu. Pangusa kwa tambara bichi na ubadilishe maji mara kwa mara. Mama na mtoto walale chumba kingine mpaka kazi ya kukwangua iishe, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Hata kama risasi haimo, utakuwa umepoteza ndoo chache za maji tu.

BintiRau, 23 Juni

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Mwanangu nimemhamishia sebuleni tangu siku niliyosoma ujumbe wako, kwa sababu nilikumbuka kwamba amekuwa akiokota yale magamba ya rangi na kuyachezea. Jumatatu nitampeleka hospitali nimweleze daktari.

Fundi, majibu ya maswali yako ni haya. Nailoni ya chini ilikuwa na matone mengi upande wa ukuta, hata selotepu moja ikaachia. Ile ya kifuani ilikuwa kavu pande zote. Mita ya maji haikusogea hata namba moja kwa usiku mbili. Kwenye bafu nimeona kwamba kati ya kigae cha chini na sakafu kuna ufa mwembamba unaokwenda urefu wote wa ukuta, na ile silikoni iliyokuwapo imeng'oka.

Kuhusu nje, gata lipo na halivuji. Lakini nje ya ukuta huo ndipo ilipo bustani ya maua ya mama. Aliianzisha miaka mitano iliyopita alipoacha biashara ya ndizi sokoni, akaletewa udongo mweusi kutoka Uru, tukaupanga kwa mawe ukiegemea ukuta. Humwagilia kila jioni wakati wa kiangazi. Udongo uko juu ya usawa wa sakafu ya ndani kwa zaidi ya shubiri moja. Nilipohesabu miaka, nikaona kwamba kabla ya bustani ukuta huu haukuwahi kutusumbua. Sijamwambia mama bado, kwa maana bustani hiyo ndiyo inayomtoa ndani kila siku.

FundiKiboriloni, 23 Juni

Dada, umeshamaliza nusu ya kazi. Bustani haihitaji kufa, inahitaji kuhama. Zungumza na mama umwambie maua yatapata jua zuri zaidi kwenye uzio, na myahamishe kabla hayajatoa maua mengine.

Ukishaondoa udongo, shusha ardhi mpaka iwe angalau sentimita 15 chini ya mstari wa juu wa msingi, mahali tofali za ukuta zinapoanzia. Angalia vizuri hapo: nyumba nyingi zilizojengwa kwa uangalifu zina karatasi nyeusi ya lami au nailoni nzito iliyolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, kwa ajili ya kuzuia maji yasipande. Ukiiona, shukuru Mungu, kwa sababu itakuwa na maana kwamba maji yamekuwa yakiiruka kwa kupitia udongo uliorundikwa juu yake, na udongo ukiondoka kinga inarudi kufanya kazi yake. Baadaye mwaga sakafu ya saruji pembeni mwa ukuta, upana wa mita moja au karibu na hapo, ikiwa na mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kutoka ukutani kwenda nje, lakini isipande juu ya ile karatasi.

Ndani, kwangua kama mwalimu alivyosema. Kisha bomoa lipu yote iliyolegea na iliyokula chumvi, na upite nusu mita juu ya alama ya mwisho ya chumvi hata kama sehemu hiyo inaonekana nzima, kwa kuwa chumvi iliyobaki ndani ya lipu huvuta unyevu wa hewa na itakusumbua hata maji yakishakatika. Piga brashi ngumu kwenye tofali, ondoa unga wote ukiwa mkavu kwa kuupokelea kwenye nailoni. Usiuoshe kwa maji mengi, utakuwa unairudisha chumvi ndani.

Baada ya hapo, uache ukuta uchi. Hapa ndipo wateja wengi hukosana nami. Mafundi wa majengo wana kipimo cha kukadiria kwamba ukuta uliolowa hukauka kwa mwendo wa milimita 25 kwa mwezi. Ukuta wako ni wa inchi 6, yaani milimita 150, kwa hiyo hesabu inakupa miezi sita hivi. Kwa kuwa utakuwa wazi pande zote mbili na kiangazi cha Moshi ni kirefu, huenda ukawahi, lakini usipange kuupaka rangi ya kawaida kabla ya Desemba. Mwezi wa tisa unaweza kupiga lipu mpya. Tumia mchanga wa mto uliooshwa, na uchanganye saruji ndoo 1, chokaa ndoo 1 na mchanga ndoo 6. Lipu yenye chokaa ni laini kidogo kuliko ya saruji tupu, nayo huruhusu ukuta kupumua. Imwagilie maji kidogo kidogo kwa siku saba ili isipasuke, kisha iache kwa siku 28 kabla ya kuipaka kitu chochote cha dukani, kwani lipu mbichi ni kali na huunguza rangi, hasa ya mafuta, ikageuka kitu kinachoteleza kama sabuni.

Ukuta wa jipsamu ni kazi ya siku nne au tano, na unaweza kuuanza sasa. Lakini nisingependa urudishe jipsamu hadi sakafuni. Kata bodi pande zote mbili kwa mstari ulionyooka, sentimita 30 juu ya mahali ulaini unapoishia, na upande wa bafu ondoa vigae vinavyokaa juu ya sehemu hiyo. Kagua mbao za ndani. Ukiona mchwa au mbao inayomeguka, ibadilishe yote, usiipige kiraka. Kisha jenga kozi mbili, yaani mistari miwili, za tofali jembamba kati ya chumba na bafu, zipigwe lipu na kupakwa dawa ya kuzuia maji upande wa kuogea, nayo ipande kidogo kwenye sakafu na kwenye kona. Juu ya tofali hizo weka bodi mpya, ikae juu kwa nafasi ya sentimita moja, isilale moja kwa moja kwenye tofali. Upande wa bafu tumia bodi ya saruji badala ya jipsamu. Ufa wa chini ya vigae uzibwe kwa silikoni, na uikague kila mwaka, kwani silikoni ya bafuni haidumu milele.

Kuunga bodi mpya na ya zamani ndiko kunakomtambulisha fundi. Kingo za bodi ziishie katikati ya mbao, zifungwe kwa skrubu kila baada ya sentimita 20 hadi 30, na kichwa cha skrubu kizame kidogo tu bila kuchana karatasi, kwa sababu karatasi ikichanika skrubu haishiki tena kitu. Bandika tepu ya nyavu juu ya maungio, kisha tandaza unga wa jipsamu uliokorogwa mara tatu. Mara ya kwanza uifunike tepu tu, mara ya pili upanue, mara ya tatu ufikie upana wa sentimita 30 hivi, na kila tabaka likauke kabisa kabla ya lingine. Watu hupaka tabaka moja nene ili wamalize haraka. Hilo hunywea likikauka na ufa hutokea palepale. Piga msasa laini ukiwa umevaa barakoa, na ukitaka kujua kama pamesawazika, zima taa ya chumba, uweke tochi ubavuni mwa ukuta, umulike kwa kuuambaa. Kila kilima na bonde vitajionyesha kwa vivuli vyao.

Lile tundu la kitasa usilijaze magazeti na unga, nimeshakuta hivyo mara nyingi. Likate liwe mraba, ingiza kipande cha ubao ndani kikae nyuma ya tundu, kikaze kwa skrubu mbili kupitia bodi iliyobaki, kisha funga kiraka cha bodi juu ya ubao huo na umalizie kwa tepu na unga kama nilivyoeleza. Weka na kizuizi cha mpira sakafuni ili mlango usifike tena ukutani. Karatasi mpya ya bodi na sehemu zenye unga zipakwe kwanza rangi ya maji iliyozimuliwa kidogo, la sivyo zitakunywa rangi bila usawa na mabaka yataonekana. Kama kuna doa la maji lililobaki kwenye bodi nzima ya juu, lipakwe undakoti (rangi ya kutangulia) ya mafuta kwanza, maana rangi ya maji hulivuta doa likatokea juu hata ukipaka mara tano.

BintiRau, 2 Novemba

Fundi, mwalimu, na nyote mliosoma, nimerudi kutoa taarifa.

Mtoto alipimwa na daktari anaendelea kumfuatilia. Hali yake ni njema. Ukuta wa jipsamu ulimalizika mwezi wa saba kwa namna ile ya kozi mbili za tofali, na hadi leo upande wa chumbani ni mkavu na mgumu. Tochi ilinionyesha vilima vitatu ambavyo nisingeviona mchana, fundi wangu akavirudia bila kinyongo.

Bustani ilihamia kwenye uzio mwishoni mwa Juni. Niliogopa kumwambia mama, lakini nilipomweleza aliniuliza jambo moja tu, kwamba nani atayabeba mawe. Tulipochimba tukafikia juu ya msingi, tuliikuta ile karatasi nyeusi ya lami, imetokeza kidogo nje ya tofali, nzima, urefu wote wa ukuta. Baba aliilaza mwaka 1986, nasi tukaifukia wenyewe. Mama alikaa pale kwenye kigoda kwa muda mrefu akiitazama, akatusimulia jinsi baba alivyoifuata Arusha kwa basi kwa sababu siku ile ilikosekana Moshi, na mafundi wakamsubiri siku mbili.

Lipu mpya ya chokaa ilipigwa katikati ya Septemba. Juzi nimerudia jaribio la nailoni. Kwenye kimo cha goti ni kavu. Sentimita 20 za chini bado zinatoa umande mwembamba, na vuli imeshaanza kunyesha. Wageni wataanza kufika tarehe 20 Desemba. Je, nipake rangi sehemu ya juu na kuiacha ya chini wazi, au kuna njia nyingine?

FundiKiboriloni, 2 Novemba

Umande mwembamba baada ya miezi minne ni maendeleo mazuri, dada. Usipake rangi ya dukani popote kwenye ukuta huo kwa sasa. Lipu mpya yote ipake chokaa, juu hadi chini, kwa kuwa chokaa hushika vizuri kwenye lipu mpya isiyo na rangi, haizuii mvuke kutoka, na mgeni ataona ukuta mweupe uliotulia. Lile eneo la juu lenye rangi ya zamani liache kama lilivyo, ulisafishe tu, kwa maana chokaa haishiki juu ya rangi ya maji.

Nunua chokaa ya unga iliyo safi, ichekeche, iloweke kwenye ndoo ya plastiki usiku kucha, kisha asubuhi iongezee maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, si kama uji. Lowesha ukuta kidogo kwa brashi, paka tabaka jembamba, ngoja hadi kesho yake, paka jingine, hadi yafike manne. Ikiwa bado mbichi itaonekana kama maji matupu na utadhani umekosea. Weupe huja inapokauka na kuvuta hewa. Vaa glavu na miwani, kwani chokaa inaunguza macho, na mtoto asikaribie ndoo. Kitanda cha mama kisogezwe sentimita 20 kutoka ukutani ili hewa ipite. Mwezi wa pili, jua la Moshi likiwa kali, bandika nailoni kwa mara ya mwisho, na ikitoka kavu nitumie ujumbe tuchague rangi ya maji inayopitisha mvuke, rangi ambayo mama mwenyewe ataipenda.

BintiRau, 2 Novemba

Asante sana, fundi. Chokaa nitainunua Jumamosi pale Kiboriloni. Mama ameshasema rangi ya mwezi wa pili iwe ile ya maziwa ambayo baba alipaka mara ya kwanza. Kipande chake tulikikuta chini ya tabaka zote tulipokuwa tukikwangua, nami nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni na kukiweka juu ya kabati, mahali mtoto hafiki.